Ukindu wa Baba

Nsambya, Kampala
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Kukhu, bibi mzaa baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, na nikianza na salamu nitalikwepa. Ule msalaba wa ukindu aliousuka Baba kitandani hospitalini Jumapili ya Matawi, wiki mbili kabla hajafa, haupo tena. Huu unaoning'inia kando ya picha yake nimeusuka mimi. Mama hajui.

Sasa mulembe, Kukhu. Goti linaendeleaje na hizi mvua? Sisi hatujambo. Mama bado anashona yunifomu kule soko la Nateete, jioni anarudi ameshika kiuno. Mimi shuleni niko siniya ya pili, yaani kidato cha pili.

Ilikuwa hivi. Jumatatu kabla ya Majivu, Mwalimu Obwona wa dini alituambia kila Mkatoliki alete matawi ya mwaka jana, yachomwe yawe majivu ya kanisani. Kwetu hakuna mengine. Tangu Baba atutoke, Mama hachukui tawi jipya; ni huo mmoja tu, miaka mitatu sasa. Ningesema hivyo, yangeisha. Lakini Whitney, tunayesoma naye, alinitazama akasema kwa sauti, "Nangila, kwani nyinyi Wakenya huwa mnampungia Yesu nini, vitambulisho?" Darasa zima likacheka.

Kesho yake nikaubeba. Nilitaka kuuonyesha tu kisha niurudishe begini. Mwalimu akapita na karai, akasimama mbele yangu, akangoja. Kukhu, unanijua. Kusema "hapana" mbele ya watu arobaini, ulimi ulikataa. Nikauweka. Jioni, kabla Mama hajarudi, nikasuka mwingine kwa ukindu wa mkeka wa zamani, nikautundika pale pale.

Jumatano Mama akapakwa majivu kanisani. Jioni akajifuta kwa leso, akailoweka kwenye beseni, akaniambia, "Nangila, mwaga haya maji." Nikayamwaga mtaroni. Nilijua ninachomwaga.

Mwalimu ametupa na kazi: tuwaulize wazee asili ya mambo ya Pasaka. Kwa nini matawi, kwa nini majivu, na yale mayai ya rangi ya vitabuni yalitoka wapi. Ukishindwa kunijibu lile la kwanza, nijibu hili.

Mjukuu wako anayeona haya,
Nangila

*

Chwele, Kenya
24 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Mulembe muno. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Na kifua chako? Bado unakohoa na vumbi la huko? Baba yako mdogo Sifuna alinipa barua yako alipopita na lori la vitunguu. Aliniuliza ina nini, nikamwambia ni mambo ya shule tu. Basi na mimi sasa nina la kuungama.

Mwalimu mwandikie hivi. Watu wa Yerusalemu walimtandikia Yesu matawi kama mfalme, na wiki haikuisha wakapiga kelele asulubiwe. Ndiyo maana tunayachoma. Tunajipaka usoni shangwe yetu wenyewe. Tawi halisukwi likae milele, hata la Cleopas mwanangu. Lakini siku ya kulichoma ilikuwa ya mama yako Nafuna kuichagua, siyo yako. Hapo sikutetei.

Mayai nayo. Nilipokuwa msichana, padri mmoja mzungu aliyachemsha na maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu, akatugawia siku ya Pasaka. Alisema yai ni kama kaburi la Bwana, nje kimya, ndani kuna uhai. Alisema pia kwao zamani watu walikatazwa mayai Kwaresima nzima, ila kuku hawakuambiwa, kwa hiyo Pasaka ilikuta nyumba zimejaa mayai! Sasa kwetu, msichana hakuruhusiwa yai hata kidogo. Nililila nyuma ya ghala, nikazika maganda. Mama akayafukua akipanda wimbi. Maganda mekundu, Nangila, ningesema ni ya nani? Hakuniambia neno. Nilingoja fimbo mwaka mzima, na kule kungoja ndiko kulikonichapa.

Jambo la mwisho. Baba yako alikuwa wa mkono wa kushoto. Nilimfundisha kusuka mimi mwenyewe, na ukindu wake ulilala kushoto kila mara. Wako umelala wapi? Nafuna alikaa akishika mikono ile miezi minne hospitalini. Unadhani vidole vyake havijui?

Kukhu wako

*

Nsambya, Kampala
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Kukhu wangu,

Mulembe. Goti je? Kifua changu kimepona. Mama ni mzima, nadhani.

Wangu umelala kulia.

Tangu barua yako ifike nimekuwa nikimwangalia. Kila asubuhi kabla ya kutoka Mama alikuwa akigusa ule msalaba na kusema, "Cleo, tunatoka." Bado anasema. Lakini mkono unaishia kwenye fremu ya picha. Msalaba wangu haugusi. Nimejaribu kukumbuka tangu lini, na kila nikihesabu narudi kwenye Alhamisi ile, siku moja baada ya Majivu. Wiki tano, Kukhu, chumba kimoja, na hajaniuliza.

Leo mchana amekuja na fungu la ukindu mbichi, ameliweka juu ya vitabu vyangu.

"Wa nini, Mama?"

"Wa kesho. Si ni Matawi?" Akainama kupuliza makaa ya sigiri. "Nimechukua wa watu wawili. Wewe unajua kusuka, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo tu, basi! Mlango aliufungua mwenyewe, nami nikabaki nje kama mgeni. Akachukua ndoo akaenda bombani.

Nimejaribu kusuka kwa mkono wa kushoto. Unafumuka kila nikifika shingoni. Nimeuacha, nikachukua kalamu, nikakuandikia yote haya ambayo ningemwambia yeye.

Nasikia kandambili zake kibarazani, na maji yakimwagika kidogo kidogo. Barua zako huwa naficha chini ya godoro. Hii naiingiza kwenye fremu ya picha, pale anapoweka mkono asubuhi, ncha ikiwa nje. Haitakufikia, nisamehe.

Ametua ndoo. Siandiki jina. Mwandiko wangu anaujua.