Hadithi Namba Tisa

Jumamosi, Kebirigo

Sabato yote nimezima simu, moyo ukiwa kwenye shindano letu la hadithi za maneno hamsini mtandaoni. Majina yamefichwa mpaka kura ziishe.

Jua lilipotua nikasoma. Namba tisa inamsimulia kijana aliyechuma chai huku akimtazama msichana, karani wa kituo cha kununulia chai akakikataa kikapu kizima kwa majani magumu. Huyo si Makori, mume wangu? Msichana nilikuwa mimi!

"Wewe nawe umeandika?"

"Nyaboke, mimi ni fundi wa pikipiki tu," akasema, macho kwenye simu.

Nimetamani ushindi huu wiki nzima. Hadithi yangu, namba nne, ilikuwa na kura mbili. Kura yangu moja nimeipa tisa.

Nilipotazama tena, nne ilikuwa na tatu, na Makori alikuwa anaweka simu mfukoni akitabasamu.