Zile Mbegu Nyekundu Zisiingie Jikoni

Mabawa, Tanga
Alhamisi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaitikia, tafadhali mwambie Bibi asizipike zile mbegu nyekundu zilizobaki. Mwambie sasa hivi, halafu urudi uendelee kusoma.

Sasa ndiyo nakuuliza hali. Mgongo umepoa baada ya kupanda? Mdogo wangu Shabani bado anakohoa? Mimi ni mzima, Shangazi na wanawe ni wazima pia, ila tangu jana mwili wangu hautulii. Mwandiko huu mbaya uniwie radhi, naandika kwa haraka.

Jumapili uliponipigia kwa simu ya Mama Saumu nilifurahi kusikia mahindi yameota vizuri. Ukasema mbegu za mradi zimebaki kama pishi moja, kwa kuwa kule bondeni maji yalituama mkashindwa kupanda. Nikamsikia Bibi nyuma yako akipaza sauti: "Mwambie mke mwenzangu, Jumamosi kikundi kikija kupalilia nitazikoboa niwapikie makande! Yeye akale vitabu vyake huko!" Nikacheka. Hata baada ya simu kukatika niliendelea kucheka.

Jana nikitoka shule nilipita kwenye duka la pembejeo karibu na soko. Unanijua, nikiona maandishi lazima nisome. Juu ya meza kulikuwa na pakiti za mbegu kama zenu. Nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo, pameandikwa kuwa mbegu hizo zimepakwa sumu ya kuua wadudu na ukungu, na kwamba si chakula cha mtu wala mfugo. Chini kuna picha ya fuvu. Nikasoma, nikarudia.

"We binti, hilo si gazeti," muuzaji akaniambia. "Unanunua au una mtihani?"

Watu wakacheka. Nilitaka kuondoka, lakini nikabaki. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo hadi akainama kunisikia, kama mtu akizikoboa na kuziosha vizuri zinafaa kuliwa.

Akaacha utani. "Zioshe hata mara saba, hazifai. Nani anataka kuzila?"

"Bibi yangu," nikasema, nikatoka mbio. Sikuaga hata.

Simu ya Mama Saumu haipatikani. Nadhani ameshaondoka kwenda Pemba kwenye ile arusi ya mdogo wake, na simu kaenda nayo. Nikamwambia Shangazi. Naye akanicheka: "Mama yangu mimi kala mizizi wakati wa njaa, leo auawe na punje ya hindi? Vitabu vitakutia wazimu, mtoto wewe." Lakini aliendelea kukuna nazi, na ghafla akaacha, akanipa simu yake. "Mpigie huyo bibi shamba wenu wa mradi."

Mama, unajua ninavyoogopa kuongea na watu nisiowazoea. Namba yake niliinakili wakati wa likizo. Mara ya kwanza alipopokea nilikata. Mara ya pili nikasema yote kwa pumzi moja. Aliniambia yuko mbali, kwenye semina, na kwamba kina mama wote wa kikundi waliambiwa. "Tulisema wazi kabisa. Zimetiwa dawa."

Hapo nikaikumbuka siku ile ya likizo, mradi ulipowakopesha mbegu na mbolea mlipe baada ya kuvuna. Bibi shamba aliwafundisha kupanda kwa kamba, akasema mbegu zimetiwa dawa. Bibi akauliza, "Dawa ya nini, mwanangu?" Akajibiwa, "Ya wadudu, bibi." Bibi akakugeukia akakunong'oneza kuwa basi zitamfaa Shabani, maana kila akipimwa malaria zahanati anaambiwa ana wadudu. Mlicheka, na mimi nilicheka. Mama, Bibi hakuwa anatania. Mbegu zina dawa ya wadudu, na mjukuu wake ana wadudu. Anataka kumponya.

Nikamweleza bibi shamba hivyo hivyo.

"Ya Rabi," akasema. "Na wale wa vikundi vingine?"

Nikamuuliza kama nao waliambiwa ni dawa.

"Tungesema sumu," akaniambia taratibu, "wasingezichukua. Wangebaki na mbegu zao za zamani, na mavuno yale yale."

"Lakini ndiyo jina lake," nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Hakukasirika. Aliahidi kumtafuta mwenyekiti wa kikundi kwa simu, na kuja kuzichukua zilizobaki akirudi wiki ijayo. Mpaka leo mchana alikuwa hajampata, ndiyo maana naandika. Konda wa basi la Maramba atakuletea barua hii jioni.

Alivyoagiza ni hivi. Zifungwe kwenye mfuko, ziwekwe mbali na watoto na kuku. Kama zimeshalowekwa, maji yake yasimwagwe karibu na kisima, na kinu kisitumike tena. Kama kuna mtu ameonja, hata kidogo, apelekwe zahanati haraka pamoja na ile pakiti. Msingoje aumwe.

Najua Bibi ni mkweo, na si rahisi kumwambia kuwa alichotaka kuwapikia watu ni sumu. Atadhani tunamwona mchawi. Mwambie maneno ni yangu mimi, mke mwenzake, anikasirikie mimi. Mwambie nampenda, na kwamba kosa si lake, ni la neno. Lakini mwambie sumu, Mama. Usimwambie dawa.

Usiku nilimwota Shabani ameshika bakuli. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nisalimie Bibi, mama wa baba yangu, na umbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie Baba Mdogo anayetulimia lile shamba la juu, na fundi Kassimu, mjomba wetu, na kina mama wote wa kikundi. Shabani mpe salamu zake mwisho, umshike kichwa unapompa.

Kesho asubuhi, kabla ya shule, nitakuwa stendi basi likiingia. Konda nimeshamwomba, ingawa nilikuwa naangalia viatu vyake. Mpe neno moja tu aniletee: hawajala. Akishuka kimya nitamuuliza mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya abiria wote.

Mwanao anayekuombea,
Mwanahamisi