Jasusi wa Mzee Rudia

Kwa kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, na ninaomba barua hii ikukute mzima, kifua kimeacha kukusumbua na lile blanketi tulilokutumia linakufaa. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linapata nafuu, na baba ni mzima wa mwili. Uliniuliza kwa nini siku hizi mama anakujibu kwa mkato kwenye simu. Sikutaka kukupigia, kwa kuwa nyumba yetu ina masikio, na masikio yenyewe ni ya mama.

Nianze na kazini kwangu, maana mambo yote yalitokea huko. Nimeajiriwa na mtengenezaji filamu mmoja tunayemwita Mzee Rudia, kwa sababu hakuna jambo analolikubali mara ya kwanza. Hata mpiga picha akipiga chafya, yeye atasema, "Rudia, safari hii kwa huzuni." Hana kampuni wala mfadhili. Filamu zake anazitengeneza mwenyewe katika nyumba ya vyumba viwili iliyojaa nyaya, na anaamini kwamba dunia nzima inamvizia imwibie hadithi. Kurasa zake anazifungia kwenye friji bovu, kwa madai kwamba mwizi hahangaiki na friji lisilonguruma. Hanywi chai asiyoichemsha kwa mkono wake. Na kila mfanyakazi amempa mwisho tofauti: mimi niliambiwa mjane wa kwenye filamu atazama kisimani, fundi cherehani akaambiwa ataolewa na daktari, dereva akaambiwa atahamia kwa dada yake. Mwisho ukivuja, atajua nani kauvujisha. Mwisho wa kweli nashuku hata yeye haujui.

Kazi yangu ni kuandika daftarini kila kinachoonekana: mjane kashika barua kwa mkono gani, kifungo kipi kiko wazi, ili picha ya kesho ifanane na ya leo. Tulikuwa tukipiga picha kwenye bustani ya umma, ile ya nyuma ya hospitali.

Wakati huohuo, nyumbani mama naye alikuwa na uchunguzi wake. Aliniita jikoni, akafunga mlango, akanionyesha suruali ya baba ya kazini. Kwenye pindo zilikuwa zimenata mbegu za majani. Akaniuliza ni ofisi gani inayoota majani. Tena baba siku hizi anajipulizia manukato, na akiulizwa habari za kazi anasema tu mkuu wao amesafiri. Mama akaapa kwamba kuna mwanamke, na kwamba atamjua hata kama ni sindano ndani ya godoro. Ndiyo maana kwenye simu alikuwa akikujibu kwa mkato, asije akaropoka. Nilimtuliza, lakini na mimi shaka ikaniingia.

Siku ya kumi na moja ya kupiga picha, Mzee Rudia alitukusanya chumbani, akateremsha pazia, akatuonyesha picha tulizokwisha kupiga. Ghafla akasimamisha moja, akagusa kioo kwa kijiti. Nyuma ya mjane, kwenye benchi la karibu na bomba, alikuwa ameketi mwanamume mwenye mkoba. Akarudi kwenye picha za jana: yuleyule. Za juzi: yuleyule. Akanong'ona kwamba mtu huyo katumwa na mahasimu wake. Kaka, mpini wa mkoba ule ulikuwa umeshonewa mkanda wako wa suruali ya shule. Alikuwa baba, nami siku zote hizo macho yangu yalikuwa kwa mjane tu.

Kesho yake dereva alijibanza bustanini nyuma ya gazeti, kisha akamleta baba chumbani akiwa amemshika mkono wa shati. Mzee Rudia akamuuliza nani anayemtuma. Baba akajibu taratibu, "Situmwi na mtu. Ndiyo shida yangu yenyewe." Akasimulia kwamba ofisini kwao idara yake ilifungwa miezi mitano iliyopita, na hakupata mdomo wa kumwambia mkewe, basi kila asubuhi anaaga, anakwenda kukaa bustanini. Yote aliyoshindwa kuyasema mezani kwetu aliyasema mbele ya watu asiowajua. Mzee Rudia alimzunguka mara mbili, akamnusa, akamwamrisha akae kama anavyokaa bustanini. Baba akakaa. Mzee Rudia akatikisa kichwa, akasema hakuna jasusi anayejua kukaa hivyo. Hapohapo akamwajiri: kazi yake ni kukaa benchi lilelile, awavizie majasusi wengine.

Wiki mbili zikapita. Alhamisi moja, wakati wa mapumziko, nilikuwa nimekaa na baba kwenye benchi, nimejitanda ule mtandio mpya ambao mama alikuwa hajauona, tunakula mkate na mayai. Sikusikia hata hatua. Mwavuli ulinishukia mgongoni, na sauti juu yake: "Leo nimekupata, mwizi wa waume!" Nikageuka. Mama akabaki mwavuli juu, kinywa wazi. Nyuma ya kamera Mzee Rudia alikuwa akifuta machozi ya furaha. "Rudia, mama!" akapaza sauti. "Safari hii usisite!" Mwavuli ukamhamia yeye.

Baba akamweleza mama yote. Mama akauliza swali moja tu: "Miezi mitano napiga pasi mashati ya kukalia benchi?" Kisha akajipenyeza katikati yetu, akauliza kama lile yai lililobaki lina mwenyewe. Mzee Rudia sasa anamshuku mama, kwa hoja kwamba mwavuli ule ulijua mno kamera ilipo.

Wenzangu kazini walijua siku hiyo tu kwamba yule ni baba yangu. Hapo ndipo penye neno ninaloona haya kuliandika. Siku baba alipoletwa chumbani, Mzee Rudia alimuuliza kila mmoja wetu mbele yake kama anamjua. Zamu yangu ilipofika, nilimtazama baba machoni nikasema simjui. Nilikuwa nimewatambia watu kwamba baba yangu ni mkuu wa masijala. Naye alipoulizwa kama ananijua mimi, alisema hanijui, ila naonekana nimelelewa na mama mzuri. Wiki mbili tuliitana "mzee" na "binti" bustanini, jioni tukala meza moja. Nilipomwomba radhi, aliniambia, "Mimi ndiye niliyeanza kukana, mwanangu. Wewe umefuata nyayo tu."

Sasa nakuuliza wewe, kaka, na usikasirike. Kazi hii imenizoesha kutazama nyuma ya picha. Nimezisoma upya barua zako tatu za mwisho. Zote zinasema hujambo, kazi ni nyingi, na bosi wako amesafiri. Kazi ipo? Kama haipo, niandikie mimi, kwa anwani ya Mzee Rudia, nitaifungua kabla yeye hajainusa. Andika lolote, hata mistari miwili. Ila usiniandikie tena kwamba bosi amesafiri.

Wazazi wanakusalimu, kila mmoja kwa sauti yake. Jitunze kifua, na ulale mapema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba