Yai Chini ya Kiwanda cha Ngozi

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji, na kwamba mtoto kikohozi kimemwachia. Mimi mzima wa mwili. Roho ndiyo iko mkononi.

Baba aliponituma huku alinikabidhi mkuki wake, akasema nikaonyeshe mimi ni mtoto wa nani. Tangu nifike hakuna aliyeniuliza jina. Msimamizi wa kiwanda ananiita Mwana wa Mkuki, na mama mwenye nyumba alininyang'anya ndoo, eti mikono ya kuua majoka haichoti maji. Nilicheka, nikamwachia ndoo.

Joka lilijificha chini ya kiwanda, kwenye tangi kuukuu la kulowekea ngozi, na wafanyakazi walikuwa wamekimbia kazi kwa wiki tatu. Jumatatu asubuhi nilishuka ngazi peke yangu. Msimamizi alibaki juu na taa, akasema yeye ana familia. Harufu ya chokaa ya kulainishia ngozi ilijaa kote, na niliogopa, sikufichi. Niliomba nilikute limelala.

Lilikuwa macho. Lilinusa mkuki kwanza, si mimi, likauliza kama mwenye nao bado yu hai. Nikajibu ni baba yangu. Hapo nilijua nimekwisha.

Halikunigusa. Liliniuliza kama kichwa cha mwanawe tulikizika.

Dada, ni lile fuvu la sebuleni, tulilokuwa tukilipangusa vumbi wageni wakimsifu Baba. Joka lilisema mwanawe alikuwa hajaota meno. Kumbuka Baba alituambia aliyang'oa mwenyewe kwa koleo. Lakini mimi nimelishika taya lile mara ngapi? Ni laini, halina hata tundu moja.

Sasa nikuungamie. Nilipanda juu nikawaambia watu nimeliua, na nikawaonya wasishuke mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu ya sumu. Ni uongo. Linaatamia yai. Limeniapia litaondoka yai likishaanguliwa, nami kila alfajiri nalipelekea maji. Kila nikishuka naogopa kama siku ya kwanza.

Jana nilipata barua ya Baba: habari zimemfikia, ananionea fahari, na Jumamosi anakuja kulikata joka kichwa kwa mkono wake. Nimewaza kutoroka. Lakini nikitoroka atashuka.

Tafadhali usimwambie neno, nataka alisikie kinywani mwangu. Sijawahi kumkatalia Baba kitu maisha yangu yote, na joka silihofii nusu ya ninavyomhofia yeye. Hata hivyo nitamngoja mlangoni pa ngazi, mikono mitupu. Itambidi anitazame usoni kabla hajanipita, kama atanipita.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Mama mwambie nakula vizuri.

Ni mimi mdogo wako, mchota maji wa kiwandani