Mtoto Kati Yangu na Mama Mkwe

Jumatano, 9 Julai 2025

Gramu 1,310. Jana hivyo hivyo. Alizaliwa Jumatano iliyopita na 1,420. Nesi Eufrazia kasema watoto njiti wote hupungua kwanza, nisiwe na hofu. Rahisi kwake kusema.

Daftari hili Nyanzala alilinunua la kuandikia tarehe za kliniki. Kajaza ukurasa mmoja na nusu. Kisha kifafa cha mimba, kisha upasuaji, mimba ya miezi saba. Sasa mke wangu yuko wodi ya pili, presha bado inampanda, hawezi kusimama. Anakamua maziwa kwenye kikombe, basi. Kwa hiyo vifua vilivyopo ni viwili: changu na cha mama yake, aliyekuja kutoka Kabungu siku ile ile. Tunapokezana kila saa mbili. Ngozi kwa ngozi, mtoto amefungwa kwa kitenge, kofia kichwani.

Mwanaume ni mimi peke yangu humu, akina mama ni sita. Dorotea wa kitanda cha jirani, ana mapacha, kaniambia: baba, ukishamaliza huyo wako uje uwabebe na wangu. Wamecheka wote. Nikacheka na mimi. Roho iko juu juu.

Alhamisi, 10 Julai

1,310. Haijaongezeka hata moja!

Nimemuuliza nesi: maziwa mililita kumi na sita kila saa mbili, yanapita kwenye mpira wa puani, hatapiki. Yanaenda wapi? Kaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema Form Four, Baiolojia nilipata D. Kasema D inatosha, kaa.

Kasema kila seli ya mtoto ina jiko lake dogo ndani. Sukari na mafuta ya maziwa ndiyo kuni. Hewa anayovuta ndiyo inayofanya kuni ziwake. Nguvu inayotoka ina kazi nyingi: moyo, mapafu, kujenga nyama mpya. Lakini joto ni la kwanza. Sisi wakubwa tukishikwa na baridi tunatetemeka, misuli inachoma kuni kwa haraka. Huyu hawezi kutetemeka. Ana mafuta kidogo tu mabegani, maalum ya kuchomwa yatoe joto, na kwa vile amewahi kuzaliwa hayakutosha. Akipoa, kila tone linaenda kwenye joto. Kukua hakuna. Joto likimshinda, kuni zinaisha, anasahau kupumua.

Nikakumbuka, mwalimu aliandika ubaoni: glukosi na oksijeni, upande wa pili nishati, maji na hewa ukaa. Niliichora bila kuelewa. Ila ndama nawaelewa. Mvua ya manyunyu ikinyesha siku tatu, ndama dhaifu anakufa na maziwa tumboni. Baba alikuwa anasema ni baridi imemla. Kumbe kweli imemla.

Kwa hiyo asipoe. Hiyo tu. Sasa mbona mimi kifua kinachuruzika jasho na yeye haongezeki?

Ijumaa, 11 Julai

1,295. Imeshuka.

Wamemtoa damu kuangalia kama kuna maambukizi. Nimeshindwa kuangalia sindano. Mfugaji mzima, nachanja ng'ombe kwa mkono wangu.

Jambo moja tu linaenda vizuri: heshima na mama mkwe haijaharibika. Niliogopa sana. Kwetu Wasukuma mkwe humwoni kifua wazi, na yeye hakuoni. Humpi kitu mkononi. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Humu ndani nani aingie porini? Lakini tumepata njia bila hata kuambizana. Zamu yake ikifika anakohoa nje ya pazia. Mimi namfungua mtoto, namzungushia kitenge na blanketi, namlaza kitandani. Nafunga vifungo, natoka kwa mlango wa nyuma, kichwa chini, mpaka nivuke bomba la maji. Hapo ndipo anaingia. Zamu yangu ikifika, ni vivyo hivyo. Tangu mtoto azaliwe sijauona uso wake.

Nyanzala nilimwambia tunavyofanya. Kafurahi, kasema mama atakusifia.

Jumamosi, 12 Julai

1,280.

Majibu ya damu: safi. Maziwa: yanatosha. Nilikuwa naanza kuwaza kuna mtu kaniloga, Mungu anisamehe.

Saa nne nimesikia kikohozi. Nimemlaza, nimetoka. Nafika bombani nasikia nesi Eufrazia anaita kwa sauti: huyu mtoto ni wa nani, mbona yuko peke yake? Alikuwa anapita na kipimajoto. Akakiweka kwapani pale pale. Nyuzi 35.1. Inatakiwa 36.5 kwenda juu. Vidole vya miguu vilikuwa vya baridi kama vya chura.

Nikarudi mbio. Kaniuliza mnamwacha kitandani muda gani. Nikasema kidogo tu. Kasema kidogo ndiyo ngapi. Alituambia siku ya kwanza: kifua kwa kifua, mkono kwa mkono. Tuliitikia wote wawili. Mimi ndani, yeye nje ya mlango.

Zamu iliyofuata nikapima kwa saa ya simu. Dakika kumi na tatu. Akishakohoa anaenda kujificha mbele ya jengo, harudi mpaka ahakikishe nimepotea, halafu anatembea polepole, miguu yake imevimba. Kumi na tatu, mara kumi na mbili kwa siku. Blanketi halina joto lake, linatunza la mtu. Na huyu hana la kutunza.

Ni sisi. Mimi na mama mkwe, na adabu zetu nzuri. Nilizisifia jana humu humu kwenye daftari.

Jumapili, 13 Julai

1,275. Wengine wameenda misa.

Nimempigia simu mzee Zablon, baba mkwe. Nimeeleza kila kitu. Kasema aibu ya mkwe haiondolewi hospitalini kama bandeji. Wazee wakae, mbuzi achinjwe, maneno yasemwe. Kasema atakuja Alhamisi na kaka zake wawili. Nikasema baba, Alhamisi ni mbali. Kasema hata yeye alisubiri miaka aibu ya mkwe wake iondolewe.

Nesi kaongea na mama mkwe. Nesi ni Mpimbwe, kwao haya mambo si makali hivi. Kamwambia, mama, huyu ni mwanao. Mama mkwe kajibu: mwanangu ndiyo, ndiyo maana siwezi. Kasema atambeba peke yake, kutwa kucha, nipumzike.

Dorotea kanong'ona: mficha uchi hazai.

Nyanzala sijamwambia. Presha.

Jumatatu, 14 Julai

Mama mkwe kambeba tangu alfajiri. Amegoma kumtoa. Saa saba mchana usingizi umemchukua amekaa. Mtoto kateleza ndani ya kitenge, pua ikafunikwa. Dorotea ndiye aliyeona.

Alikuwa wa bluu. Nesi alimpiga vidole kwenye nyayo. Mara ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu akavuta.

Gramu 1,270.

Siandiki zaidi.

Jumanne, 15 Julai

1,270.

Daktari kasema akiacha kupumua tena, hapa watafanya wanachoweza. Kusafirishwa hawezi kuhimili. Basi, kila kitu kiko hapa.

Leo nimefanya kitu ambacho baba yangu angenichapa. Zamu yake, nilirudi nikasimama nje ya pazia, nikamwita mama kwa Kisukuma. Nikasema, mayu. Nikasogea karibu na pazia. Nikasema, mayu, unawajua ndama wa kifuku, mvua zikizidi. Nikamweleza kuhusu kuni, nikamweleza dakika kumi na tatu. Niliongea kama mwizi.

Hakunijibu mimi. Alimwambia mtoto, taratibu, lakini nisikie: mwambie baba yako nimezika wangu watatu, hawezi yeye kunifundisha habari za baridi. Kisha: mwambie baba yako nitakufa kwa aibu.

Nami nikamwambia mtoto: mwambie bibi yako wewe utatangulia.

Nikajuta hapo hapo. Nilisikia analia. Nimekaa bombani mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumatano, 16 Julai

1,265. Nesi kauandika huo uzito bila kunitazama.

Saa nne kasoro kikohozi. Sikuinuka. Sikufunga kifungo hata kimoja. Kikohozi cha pili. Cha tatu, kikali. Nilitamani ardhi ipasuke.

Pazia likasogea. Akaingia kinyumenyume, mgongo kwangu, uso ukutani, kanga ameshaifungua kifuani. Akamwambia mtoto: mwambie baba yako afumbe macho. Nikafumba. Akarudi nyuma hatua moja, nyingine, akageuka. Vidole vyake vikanigusa kifuani, vikimtafuta mtoto.

Vilikuwa vya barafu. Alikuwa ametoka kunawa bombani, maji ya Julai. Mikono ile ndiyo imshike!

Sikuwaza. Niliishika yote miwili, nikaibana kwapani kwangu, na macho nimeyafumba. Mikono ya mama mkwe. Alijaribu kuivuta, mara moja tu. Kisha akaiacha. Tulikaa hivyo mpaka ikapata joto. Nilimsikia anapumua kwa shida, na mimi hivyo hivyo, na mtoto katikati yetu anapumua kwa kasi kuliko sote. Halafu akamchukua, akamtoa kifuani kwangu akamweka kwake. Hata nzi asingepita katikati.

Nafikiri ni hivyo. Sikuona.

Sasa amekaa ukingo ule wa kitanda, mimi ukingo huu, migongo inaangaliana. Shati nimelivaa. Mlango uko wazi na sijatoka. Hajanifukuza. Nesi Eufrazia ameinama, kipimajoto kiko kwapani mwa mtoto, tunasubiri kilie. Mama mkwe amemwambia mtoto: mwambie baba yako baada ya saa mbili asichelewe.

Bado hakijalia.