Habari Iliyongoja Fainali

Alhamisi, 9 Septemba 2021

Zamu ya asubuhi, makao ya wazee ya Guildford, Sydney. Kipimo cha Korona cha pua mlangoni, aproni, glavu, barakoa, ngao ya uso. Kisha chumba baada ya chumba. Wageni bado hawaruhusiwi. Wazee wanatazama maegesho matupu.

Bwana Martin amekula nusu bakuli ya uji. Hana habari nyingine ila fainali: Mayo, kaunti yao huko Ayalandi, dhidi ya Tyrone. Mpira wao hudakwa kwa mikono na hupigwa kwa mguu au ngumi. Ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Mayo hawajalibeba kombe tangu yeye akiwa mvulana. Wamefika fainali mara nyingi, wakashindwa zote. Anayasimulia haya bila uchungu, kama mtu anayeeleza mvua ya kwao.

Jioni nimetoa hotuba ya buriani mtandaoni, msiba wa Mkenya mwenzetu wa mtaa wa Minto. Katika jumuiya yetu kazi hiyo ni yangu. Nilikuwa mwalimu, na watu husema najua kuyapanga maneno. Niliyapanga vizuri. Sikuhisi kitu.

Ijumaa, 10 Septemba

Noreen, binti wa Bwana Martin, amenipigia simu kutoka Perth. Mipaka ya majimbo imefungwa, hawezi kuja. Tomi, mdogo wa mzee, amefariki jana huko Mayo. Kiharusi. Ndiye ndugu pekee aliyekuwa amebaki. Meneja ameridhia kwamba nimwambie mimi, kwa kuwa mzee amenizoea. Nimekubali. Kisha Noreen akauliza: kabla ya mchezo, au baada?

Nilimjibu kama tufanyavyo kwetu. Habari ya msiba haiambiwi mtu mwenye njaa, wala aliye peke yake. Ale kwanza. Akae na watu. Basi iwe baada ya mchezo. Alishukuru, akalia. Mimi nilikuwa nikiwaza kama gari lina mafuta ya kutosha kunifikisha nyumbani, Minto.

Jumamosi, 11 Septemba

Mchana kutwa nimejiuliza iwapo nimeamua vema. Mayo wakishinda, nitamnyang'anya furaha aliyoingoja maisha yake yote. Wakishindwa, nitamrundikia msiba juu ya msiba. Dakika nzuri haipo.

Nimemweleza Furaha, nesi mwenzangu wa Bukavu. Akanicheka. "Weye mwalimu, unasemaka kwa matanga yote ya Sydney, leo mdomo umekauka?" Nimemwomba aketi nasi kesho. Amekubali, mradi asifundishwe kanuni za mpira.

Bwana Martin alikuwa kimya alasiri yote. Nilidhani ni wasiwasi wa mchezo.

Jumapili, 12 Septemba

Mchezo ulichezwa usiku wa kuamkia leo, sisi tukiwa tumelala. Mzee alikwisha kuagiza kwamba mtu yeyote asimwambie matokeo. Tungetazama marudio kwenye tableti baada ya kifungua kinywa. Nikiwa bado ndani ya gari, niliyatafuta. Tyrone wameshinda. Nikavaa barakoa, nikaingia. Kwa mara ya kwanza barakoa imenifaa kwa jambo jingine.

Nikampa uji. Nikaongeza yai, mkate, ndizi. Alikula vyote. Furaha akavuta kiti, akakaa.

Kipindi cha pili Mayo walipewa penalti. Wakaikosa. "Kumbe na Wazungu wanalogwaka," Furaha akasema. Mzee akataka kujua amesema nini. Nikamtafsiria. Akajibu kwamba huko kwao wapo wengi wanaoamini hivyo hivyo. Kisha Tyrone wakaingiza wavuni, wakaingiza tena. Furaha akaacha kutania.

Filimbi ilipolia nilizima tableti. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa tayari. Sijaitamka, mzee akasema, "Ni Tomi, siyo?"

Tomi humpigia simu kila siku ya fainali, kabla mpira haujaanza. Jana hakupiga. Mimi sikuijua desturi hiyo. Noreen, kwa majonzi yake, hakuikumbuka. Mzee alikuwa amejua tangu jana jioni. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Mlikuwa mmejiandaa sana," akasema. "Na wewe ulitaka mno nile lile yai."

Furaha akamshika mkono. Mimi nikathibitisha: Alhamisi, kiharusi, hakuteseka. Sauti yangu ilikuwa thabiti, ile ya kazini. Mzee aliitazama tableti iliyozimwa.

"Basi amekufa tungali tunaweza kushinda."

Nilikusanya vyombo.

Jumanne, 14 Septemba

Tumetazama mazishi, yaliyorekodiwa jana. Kanisa dogo, watu wachache, barakoa. Jirani mmoja aliposimama kumsifu marehemu, picha ikaganda na isirudi. Nilijaribu mara kadhaa. Bwana Martin akaniambia niache.

Akasema Furaha amemweleza kwamba mimi husema kwenye misiba. Aliomba nimsemee Tomi. Kwa lugha yangu. Maneno ya Kiingereza, alisema, ameyachoka.

Nilimweleza kwamba sikumfahamu mdogo wake. Akasema kasisi naye hakumfahamu.

Nikavuta kiti. Sikuwa na karatasi. Nilianza kwa jina la marehemu na jina la kaunti yao. Baada ya hapo sijui nilisema nini. Hotuba zangu zote nazikumbuka, hii siikumbuki. Mzee alikuwa amefumba macho, kikombe cha chai kifuani. Nilipofika mwisho nikanyamaza.

Akanyoosha kidole kidogo, macho bado yamefumbwa. Niendelee.

Nikaendelea.