Bahari Gani Juba?

Jumatatu, 9 Machi

Joto. Jenereta ya jirani imezima tena, nimehariri kwa betri mpaka kompyuta ikafa. Filamu yangu ya watu wa bandarini imebaki kidogo tu. Na ni tamu, wacha nijisifu, maana hakuna wa kunisifu hapa nyumbani. Mimi ndiye kamera, mimi ndiye mhariri, mimi ndiye mfasiri.

Okello amepita. Yeye na wenzake wawili, wote Waganda, walifanya kazi kwenye tishari linalopeleka mizigo Malakal kwa mto. Mwenzao Opio aliteleza akazama. Wakaomba jaketi za kujiokolea. Wakafukuzwa. Sasa mwenye tishari anasema hawakuwahi kuwa mabaharia wake, eti ni wapagazi wa bandarini, na mpagazi hadai jaketi. Uongo mtupu.

Jumanne, 10 Machi

Ofisi ya kazi. Foleni. Afisa ameahidi kuja Jumamosi kanisani Buluk, tunakoonyesha filamu. Akipata ushahidi kwamba hawa walikuwa watu wa chomboni, ataagiza warudishwe, na jaketi juu.

Ushahidi gani sasa? Kupanda tishari nilikatazwa. Nilichonacho ni wanaume watatu wakisema ukweli ukingoni. "Sisi iko mabaharia, hapana ya kubeba." Okello anasema vizuri, lakini ni neno lake dhidi ya la tajiri.

Nina hasira. Siogopi.

Alhamisi, 12 Machi

Mwenye tishari amepiga simu. Anakuja Jumamosi! Anataka kujiona kwenye skrini. Nilimhoji kabla ya ugomvi, kwa Kiarabu cha Juba, akajigamba mpaka nikachoka kushika kamera. Nimetumia vipande viwili tu. Jeuri gani hii. Aje.

Ijumaa, 13 Machi

Haki ya Mungu, mimi ni mjinga.

Asubuhi lori la maji limesimama langoni hapa Gumbo. Khalti, dadake mama, akamuuliza dereva kama ni moyo ta bahar. Moyo nilishazoea kwamba ni maji. Lakini bahari? Mimi nimekulia Eldoret, bahari yangu iko Mombasa. Nikamtania: Khalti, utakunywaje chumvi? Akanitazama kama anatazama mtu aliyeshikwa na malaria. Bahar ni mto, mtoto wewe. Huu huu hapa.

Nimeacha chai mezani. Mbio kwenye kompyuta. Kipande nilichokitupa bado kipo: mzee mwenye tishari anawanyooshea Okello na wenzake kidole, meno yote nje. "De nas ta bahar tai." Mimi nilisikia watu wangu wa bahari. Bahari gani Juba? Nikaona ni majigambo, nikakata. Kumbe anasema hawa ni watu wangu wa mto. Nimempigia Okello kuhakikisha. Bandarini jina hilo ni la wanaosafiri na chombo tu. Wapagazi wana jina lao.

Nimekirudisha. Nimekiweka mwisho kabisa, mahali pa heshima. Kesho mtu atavua koti kwa jasho.

Jumamosi, 14 Machi

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Mzee mbele kabisa, na suti.

Kipande kilipofika, wenye Kiarabu walipasuka kwa kicheko kabla tafsiri yangu haijasomeka. Waganda wakafuata. Mzee akasimama, akasema nimempindisha maneno. Afisa akaomba kirudiwe. Nikarudia. Nikarudia tena bila kuombwa, kwa raha zangu.

Afisa akamwambia mbele ya watu wote: wanarudi kazini, na kila mmoja na jaketi yake, la sivyo tishari haling'oi nanga. Okello hakushangilia. Alikaa ameshika kichwa, akasema jina la Opio mara moja.

Nimelia chooni. Kidogo tu.

Alhamisi, 19 Machi

Tishari limeondoka leo. Nimelitazama kutoka ng'ambo hii ya mto, karibu na daraja. Kamera nimeiacha nyumbani, askari wa daraja hawapendi, na mimi mwenyewe sikuitaka. Jaketi za rangi ya machungwa, kila mtu. Mmoja alipunga mkono. Sijui kama ni yeye.

Jioni ujumbe wa Okello umeingia: "Mimi iko bahari."

Khalti ameuliza nacheka nini.